Kutafuta Ndege ya Nje Ukiwa Arusha au Moshi: Anza na Viwanja, Nauli Ije Baadaye

Watu wengi hufungua simu, wakaandika jina la mji wanaokwenda, wakachagua bei ya chini kuliko zote na kulipa. Mzigo wa matatizo huja baadaye: ndege inatua kiwanja kilicho mbali na mji, au inapita nchi inayodai viza hata kwa mtu asiyetoka nje ya jengo, au inaondokea Nairobi saa ambayo hakuna basi la kukufikisha. Nauli ni namba ya mwisho kuangaliwa. Kwanza jua utaondokea wapi, utapita wapi na utashukia wapi.

Andaa pasipoti, karatasi, kalamu na kalenda. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku utakayorudi, si siku utakayoondoka. Zipo nchi zinazohesabu kuanzia siku ya kuingia, lakini ukihesabu kuanzia siku ya kurudi uko salama kotekote.

Hatua ya 1: Andika herufi tatu za kila kiwanja

Kila kiwanja cha ndege kina herufi tatu, na mifumo ya tiketi husoma hizo. Sisi tunasema KIA, yaani kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro, lakini kwenye tiketi kiwanja hicho ni JRO. Hapa ndipo wakazi wa Arusha hukosea mara ya kwanza: ukiandika "Arusha" mfumo unaweza kukupeleka ARK, yaani kiwanja cha Kisongo, ambacho ni cha ndege za ndani, nyingi zikiwa ndogo za kwenda mbugani, Zanzibar na Dar es Salaam. Majibu yanakuja machache au hayaji kabisa, na mtu anaamua kwamba lazima apande basi la Nairobi. Andika JRO.

Chini yake andika NBO, Jomo Kenyatta wa Nairobi, na DAR, Julius Nyerere wa Dar es Salaam.

Sasa upande wa pili. Miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN) na City (LCY). Ukiandika LON mfumo unatafuta vyote kwa pamoja. New York ni NYC, ndani yake kuna JFK, Newark (EWR) na LaGuardia (LGA). Kutafuta kwa herufi za mji ni vizuri, mradi kabla ya kulipa urudi kuangalia ni kiwanja kipi hasa umepewa. Kiwanja cha Beauvais (BVA) huuzwa kama Paris na kiko kilomita zipatazo 85 kutoka mjini. Hahn (HHN) huuzwa kama Frankfurt na kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt yenyewe. Na kwa wafanyabiashara wanaofuata bidhaa China: CAN ni Guangzhou, si Canada.

Hatua ya 2: Chunguza viza ya kupitia kabla ya kutazama bei

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani kutoka kaunta. Shirika la ndege likimpakia abiria asiye na karatasi za nchi anayopita, linatozwa faini na kulazimika kumrudisha. Kwa hiyo mhudumu wa KIA hatakuonea huruma, na nauli yako huenda isirudi. Chukua kila kiwanja cha kupitia, kimoja kimoja.

Addis Ababa, Doha, Istanbul na Nairobi hazisumbui ukiwa na tiketi moja inayofika hadi mwisho wa safari na ukabaki ndani ya eneo la abiria wanaounganisha ndege. Kenya ni nyepesi zaidi, kwa kuwa Mtanzania ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na haingii kwa viza.

Uingereza ni habari nyingine. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupitia hata wakibaki ndani ya kiwanja. Ipo misamaha, kwa mfano kwa mwenye viza halali ya Marekani au Canada, lakini misamaha hiyo ina masharti. Yasome kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, si kwa kuambiwa. Marekani haina kabisa eneo la kupitia bila uhamiaji. Mtu anayekwenda Mexico kupitia Houston anaingia Marekani kama wengine, anahitaji viza. Canada nayo inahitaji viza ya kupitia.

Ulaya ina mtego wake. Kupita Amsterdam tu, ukitokea KIA kwenda Marekani kwa tiketi moja, hakukuingizi kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana uhamiaji mipakani mwao. Lakini tiketi ya KIA–Amsterdam–Frankfurt–Chicago inakuingiza, kwa sababu kutoka Amsterdam hadi Frankfurt ni safari ya ndani ya Schengen na uhamiaji unapitia Amsterdam. Tiketi hiyo huwa na bei nzuri. Bila viza ya Schengen haikufai. Kanuni: viwanja viwili vya Schengen mfululizo, viza.

Angalia pia cheti cha homa ya manjano. Chanjo inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na cheti ni cha maisha. Nchi nyingi hukidai kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha nchi yenye ugonjwa huo, na Ethiopia na Kenya zimo. Ukilala Addis saa 14 kusubiri ndege, unaweza kuulizwa cheti huko unakokwenda.

Hatua ya 3: Tafuta bei mara tatu

Tumia Google Flights au Skyscanner kwa kutafuta, si lazima kwa kununua. Fungua kalenda ya bei, uone mwezi mzima, kisha tafuta safari ileile mara tatu: ukianzia JRO, ukianzia NBO, ukianzia DAR. Andika majibu kwenye karatasi: bei, kiwanja cha kupitia, jumla ya saa za safari na uzito wa mizigo. Uzito ni muhimu. Nauli ya chini kabisa ya baadhi ya mashirika haina begi la chini, yaani lile unalokabidhi kaunta, na begi linalolipiwa baadaye linaweza kumeza nafuu yote uliyoiona.

Soma pia mstari mdogo unaoeleza ndege inaendeshwa na nani. Namba ya tiketi inaweza kuwa ya shirika moja na ndege yenyewe ya jingine. Utakwenda kaunta ya anayeendesha.

Hatua ya 4: KIA, Nairobi au Dar?

KIA ipo katikati, wilayani Hai, karibu sawa kwa mtu wa Arusha na wa Moshi. Ukitokea Arusha jipe saa moja na nusu: Tengeru na Usa River zina msongamano, na vibao vya kilomita 50 kwa saa vinalindwa na askari wenye tochi za kupima mwendo, hivyo dereva hawezi kufidia muda uliopotea. Ukitokea Moshi, kupitia Boma Ng'ombe, saa moja inatosha. Kosta za Arusha–Moshi zinashusha njia panda ya KIA, lakini kutoka hapo hadi jengoni bado kuna kilomita kadhaa za bodaboda au teksi. Kwa ndege ya usiku na mabegi mawili, kodi gari kutoka nyumbani.

Nairobi ina ndege nyingi kuliko KIA, zikiwemo za moja kwa moja kwenda London na New York, na ushindani unashusha nauli. Ila nauli ya Nairobi ipigiwe hesabu kamili. Tuseme tiketi ya NBO ni nafuu kwa dola 140. Toa basi kwenda na kurudi, tuseme dola 50. Toa chumba cha usiku mmoja, kwa sababu ndege ya kurudi inatua baada ya mabasi ya Arusha kuondoka, tuseme dola 40. Toa chakula na teksi, dola 25. Umebaki na dola 25, na umetumia siku nzima barabarani kila upande. Kwa mtu mmoja hiyo haina maana. Kwa familia ya watu watano wanaokodi gari moja na kulala vyumba viwili, hesabu inageuka na Nairobi inaweza kushinda kabisa.

Ukiamua Nairobi, ondoka Arusha saa 10 hadi 12 kabla ya ndege kuruka. Safari yenyewe ni saa 5 hadi 6, mpaka wa Namanga unaweza kula nusu saa au saa mbili kutegemea mabasi yaliyokutangulia, na lori moja likikwama njiani hakuna njia ya kuzunguka. Jambo jema ni kwamba barabara ya Namanga inaingia barabara ya Mombasa pale Athi River, kabla ya kufika mjini, na kiwanja kiko upande huohuo. Mwambie dereva mapema akushushe kiwanjani. Usikubali kupelekwa katikati ya jiji kisha urudi nyuma. Mtu wa Moshi aongeze saa mbili.

Kabla ya kukata basi, tafuta kitu kimoja zaidi: tiketi moja ya JRO–NBO–mwisho wa safari. Mara nyingine inazidi ile ya kuanzia Nairobi kwa kiasi kidogo, na inakuondolea barabara yote hiyo.

Dar hufaa hasa kwa safari za Mumbai, Guangzhou na Dubai. Wanaopeleka wagonjwa India waitazame kwa makini, maana kubadilisha ndege mara moja tu ni nafuu kubwa kwa mgonjwa. Angalia siku za wiki, kwani si kila safari ipo kila siku. Ndege za nje huondokea Jengo la 3 na nyingi za ndani hutua Jengo la 2, kwa hiyo mwenye tiketi mbili tofauti ahesabu muda wa kuchukua mabegi na kuhama jengo. Tunashauri saa 5 zisizopungua.

Hatua ya 5: Geuza saa za tiketi, kisha tarehe

Tiketi huandikwa kwa saa 24, nasi tunahesabu kuanzia alfajiri. Ondoa 6; kama namba haitoshi, ongeza 6. Jibu likifika 13 au zaidi, ondoa 12 tena; likiwa 0, ni saa 12. Kwa hiyo 17:55 ni saa 11:55 jioni, na 02:40 ni saa 8:40 usiku.

Tarehe ndiyo inayoangusha watu. Tiketi inayosema "tarehe 14, 00:45" inaruka saa 6:45 usiku wa kuamkia tarehe 14. Unaondoka nyumbani tarehe 13 jioni. Wapo wanaofika KIA tarehe 14 usiku, wamejiandaa vizuri, na ndege yao imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Andika kwa Kiswahili kwenye karatasi: "Naondoka nyumbani Jumanne jioni, saa 2."

Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Addis Ababa, Nairobi, Doha na Istanbul zina saa sawa na yetu, hivyo hapo hesabu ni nyepesi. Waethiopia hata husoma saa kwa mtindo wetu wa kuanzia asubuhi, lakini skrini za kiwanja cha Addis hufuata saa 24.

Hatua ya 6: Pima muda wa kuunganisha

Kwenye tiketi moja, saa 2 hadi 4 ni kipimo kizuri. Chini ya hapo, ndege ya KIA ikichelewa dakika 50 unakimbia. Hata hivyo shirika lililouza tiketi moja linawajibika kukupatia ndege nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hakuna anayewajibika: begi halivuki, unalazimika kuingia nchi hiyo kulichukua, na hapo viza inahitajika. Istanbul ni mfano mzuri, maana IST iko upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen (SAW) upande wa Asia. Tiketi inayokutua kimoja na kukuondoshea kingine isiguswe bila viza ya Uturuki.

Ukiingia Marekani, utachukua mabegi kwenye kiwanja cha kwanza na kuyakabidhi upya hata kama tiketi ni moja. Acha saa 3.

Hatua ya 7: Nunua, kisha hakiki namba ya tiketi

Ukishapata safari, nunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe au kwa wakala mwenye ofisi unayoijua mjini. Tovuti ya mbali yenye nafuu ya dola 15 haitapokea simu safari ikibadilika. Kabla ya kulipa kwa kadi, ulizia benki kama imeruhusiwa malipo ya mtandaoni na kiwango cha siku ni kiasi gani. Malipo mengi hukwama hapo.

Jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti, jina la ukoo kwenye nafasi yake. Si jina la mtaani, wala la ndoa ambalo halijaingia kwenye pasipoti.

Kisha tofautisha oda na tiketi. Oda ina alama 6, herufi na tarakimu, na inaweza kutolewa bila kulipiwa. Ikifika muda wake inafutika. Tiketi iliyolipwa ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo zinataja shirika: 071 ni Ethiopian, 074 KLM, 157 Qatar Airways, 235 Turkish, 706 Kenya Airways. Wakala akikupa alama 6 tu, bado huna tiketi. Ingia kwenye tovuti ya shirika, weka alama hizo na jina la ukoo, uone tarakimu 13 kwa macho yako.

Hatua ya 8: Kaunta ya KIA

Fika saa 3 kabla. Begi likishapimwa, usiondoke kabla ya kusoma karatasi iliyofungwa mpini. Herufi tatu kubwa ziwe za mwisho wa safari yako. Unakwenda Guangzhou, isomeke CAN. Ikisomeka ADD, begi litabaki Addis, na wakati wa kurekebisha ni hapohapo mkanda haujalichukua. Kipande chenye namba ya begi kibandike nyuma ya pasipoti.