Namna ya Kuufahamu Mji wa Chernivtsi kwa Miguu

Chernivtsi, makao makuu ya mkoa wa jina hilohilo kusini-magharibi mwa Ukraine, ni mji unaoeleweka vizuri zaidi kwa kutembea kuliko kwa kukariri tarehe, kwa kuwa dola zilizopokezana kuutawala ziliacha majengo yao na kila mgeni alihamia katika nyumba za aliyemtangulia. Hata hivyo, mpangilio wa watawala ni lazima uwe nao kichwani kabla ya kuanza. Austria iliitwaa Bukovina, eneo ambalo Chernivtsi ulikuwa mji wake mkuu, katika miaka ya 1770 na ikakaa hadi 1918, Romania ikafuata, Wasovieti wakaingia mwaka 1940, wakatimuliwa mwaka uliofuata Romania iliporudi, wakarejea 1944, na tangu 1991 mji umo katika Ukraine huru. Ukisimama mbele ya jengo lolote, uliza ni nani aliyelijenga na leo linatumiwa na nani.

Anzia kwenye Makazi ya Maaskofu Wakuu wa Kiorthodoksi wa Bukovina na Dalmatia, yaliyojengwa kati ya 1864 na 1882 kwa ramani ya msanifu Mcheki Josef Hlávka na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Usiharakishe hapa. Rudi nyuma hatua kadhaa uani ili uone paa, kwa sababu vigae vyake vya rangi vimepangwa kwa michoro ya pembe na mistari inayofanana na nguo za kufumwa za wenyeji wa Bukovina, juu ya kuta za matofali mekundu. Leo majumba hayo ni ya chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1875, kwa hiyo utapishana na wanafunzi wanaowahi vipindi.

Kutoka hapo fuata mtaa wa Universytetska kuelekea katikati ya mji. Njiani utaona jumba la sinema ambalo mpita njia asiyejua historia yake hawezi kulitilia maanani, ilhali lilikuwa sinagogi kuu, lililochomwa moto mwaka 1941. Mwezi Oktoba mwaka huohuo utawala wa Romania uliwafungia Wayahudi wa mji katika geto na kuanza kuwahamishia kwa nguvu Transnistria, eneo la ng'ambo ya mto Dniester lililokuwa chini ya Romania. Meya Traian Popovici alipinga, na vibali alivyopigania viliwaokoa maelfu wasipelekwe. Mshairi Paul Celan, aliyezaliwa hapa mwaka 1920, aliwapoteza wazazi wake wote wawili katika uhamisho huo. Kwa maoni yangu, mgeni anayepita hapa bila kusimama hajauona mji.

Baada ya uwanja wa kati wenye jengo la halmashauri, ingia mtaa wa Olha Kobylianska, ambao haupitishi magari, kisha umalizie kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza uliofunguliwa mwaka 1905. Zamani mbele yake ilisimama sanamu ya Schiller, mshairi wa Kijerumani. Leo yupo Kobylianska, mwandishi wa Kiukreni.

Kuhusu safari yenyewe, anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za abiria tangu 24 Februari 2022, hivyo njia ya kawaida ni kupitia Suceava nchini Romania na kuvuka mpaka kwa gari kati ya vituo vya Siret, upande wa Romania, na Porubne, upande wa Ukraine. Mji uko mbali na uwanja wa vita, lakini si salama kabisa: soma tahadhari za serikali yako, na king'ora kikilia, nenda kwenye hifadhi bila kubishana.

Chakula cha kuagiza ni mamalyga, ambayo ni ugali wa mahindi ya manjano, unaoliwa kwa jibini ya kondoo na malai chachu, na ambao kwa desturi hukatwa kwa uzi badala ya kisu. Agiza mapema jioni, kwa kuwa amri ya kutotoka nje usiku hulazimisha migahawa kufunga kabla ya saa hizo.