Namna ya Kuomba Ithibati ya Kitaaluma ya Mwanajiografia

Mhasibu na mhandisi wana bodi zinazowasajili na vyeo vinavyotambulika, lakini mwanajiografia huhitimu akabaki na shahada peke yake, ingawa kazi yake imo katika mipangomiji, tathmini ya mazingira, uchoraji wa ramani na ufundishaji. Pengo hilo ndilo ambalo Royal Geographical Society ya London, chama kilichoanzishwa mwaka 1830 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1859, kimelenga kuliziba tangu mwaka 2002 kwa kutoa ithibati ya Chartered Geographer, ambayo mwenye nayo huandika herufi CGeog baada ya jina lake.

Mwombaji hutakiwa awe Fellow, yaani mwanachama wa daraja maalumu, wa chama hicho. Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Herufi FRGS huonyesha kwamba mtu ni mwanachama wa daraja hilo, ilhali CGeog huonyesha kwamba umahiri wake umepimwa na wanataaluma wenzake na kukubalika. Ipo ithibati ya jumla, na ipo inayotaja fani mahususi kama vile GIS (mifumo ya kompyuta ya taarifa za kijiografia), jiomofolojia (elimu ya maumbo ya uso wa dunia) au ualimu. Chagua ile inayolingana na kazi unayoifanya kila siku, hata kama si ile uliyoisomea. Asiye na shahada ya jiografia naye anaweza kuomba, ila uzoefu wake ndio utakaobeba uzito mkubwa zaidi.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni maelezo ya kitaaluma, na kwa maoni yangu hapo ndipo waombaji wazuri hujipunja. Huorodhesha vyeo na majina ya miradi, wakati anayesoma anataka kujua ni uamuzi gani ulioufanya wewe kwa kutumia maarifa ya jiografia. Tuseme ulishiriki mradi wa mafuriko katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Ukiandika kwamba “niliandaa ramani za mafuriko,” hujasema lolote ambalo programu ya kompyuta isingeweza kulifanya. Eleza badala yake data za mwinuko ulizipata wapi na kwa nini uliziamini, ulizilinganishaje na alama za maji ambazo wakazi walikuonyesha kwenye kuta za nyumba zao, ulifanya nini vipimo viwili vilipopingana, na pendekezo lako lilibadilisha nini katika mpango wa manispaa. Tumia nafsi ya kwanza umoja, kwani neno “tulifanya” humwacha msomaji akikisia mchango wako ni upi. Kazi ikiwa na siri za mwajiri, omba ruhusa mapema au ueleze mbinu bila kutaja eneo wala mteja.

Wadhamini, yaani watu wanaoandika kuthibitisha kazi yako, nao wachaguliwe kwa uangalifu uleule. Msimamizi aliyekagua kazi yako uwandani anafaa kuliko mkubwa mwenye jina asiyejua ulichokifanya. Mpelekee maelezo yako ayasome kabla hajaandika.

Ithibati hii haichukui nafasi ya usajili unaodaiwa na sheria za nchi. Nchini Kenya, kwa mfano, mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira hana budi kusajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, awe na CGeog au asiwe nayo.

Hatimaye, mwenye ithibati huendelea kujifunza na kuweka kumbukumbu za mafunzo hayo, kwa hiyo ni vyema kuanza daftari hilo kabla ya kuomba. Andika tarehe, ulichojifunza, na mahali ulipokitumia kazini. Kozi, kongamano, makala uliyoisoma kwa makini na kijana uliyemfundisha kutumia GPS vyote vina nafasi humo, mradi uonyeshe vilivyoboresha utendaji wako. Andika mara tu shughuli inapokwisha, maana anayekusanya kumbukumbu za mwaka mzima kwa usiku mmoja hubaki na majina ya kozi bila maelezo ya alichokivuna.