Kufundisha famasia kwa VR hata kama mna miwani moja tu

Kosa la kwanza ni kutaka kufundishia kila kitu. Kwa kuhesabu vidonge, trei na spatula vinatosha jamani. VR, yaani miwani inayokuonyesha mazingira ya kompyuta kana kwamba umo ndani, ipeleke kule ambako kukosea ni hasara au vifaa hamna, mimi nachagua kuandaa dawa za sindano kwenye kabati la hewa safi, ile tunayoita hudi, manake hewa inayotoka kwenye filta mwanafunzi haioni, ila ndani ya VR programu inaweza kuipaka rangi, akipitisha mkono kati ya filta na kichupa anaona kabisa kaikata, na dawa hapo inaweza kuchafuka.

Siku moja kabla pakua programu yote, wifi ya chuo usiiamini, na chaji ifike 100 coz miwani ya Quest 2 inakaa masaa mawili hadi matatu tu. Ondoa viti, acha nafasi ya mita 2 kwa 2, afu rusha kwenye projekta picha ya anachokiona aliyevaa miwani. Bila projekta mmoja anacheza, 29 wanachati.

Mmoja anaingia dakika 10, waliobaki wanamjazia cheklisti: kanawa, kafuta meza kwa alkoholi ya 70% (sio 95, ile inakauka kabla haijaua vijidudu), kafanyia kazi angalau sm 15 ndani kutoka ukingoni. Akikosea usimkatize! Hapo ndo walimu tunaharibu, mwache amalize, akitoka waulize wenzake dawa ilichafuka saa ngapi.

Kizunguzungu kipo. Chagua programu ya kusimama sehemu moja, sio ya kutembea kwa kontrola (kile kishikio cha mkononi), na ukiona mtu anatoka jasho au anameza mate vua miwani hapohapo, asijikaze kisabuni. Wenye misuko mikubwa legezeni mkanda wa juu kwanza. Kila akitoka mtu futa sehemu inayogusa uso, ila lenzi ni kitambaa laini kikavu tu, ile alkoholi ya hudi isifike huko, zetu ziliota ukungu hivyohivyo.

Afu siku hiyohiyo wape sindano za kweli na vichupa vya maji. Kontrola haikazi mkononi kama sindano ya kweli, haiwezi kumwonyesha sindano inavyogoma kuvutika kama hujaingiza hewa kwanza kwenye kichupa, hiyo mpaka mkono wenyewe uisikie, na alama za mtihani toa hapa, sio kwenye miwani.