Alovera nyumbani: kutenga ute na utomvu, na kujua inapofaa

Jani la alovera limebeba vitu viwili tofauti, na madhara mengi yanayosikika hutokana na kuvichanganya. Katikati kuna ute angavu, asilimia 98 hadi 99 maji, ambao ndio hupakwa ngozini. Kati ya ute huo na ganda la kijani kuna utomvu wa njano wenye aloini, mchungu kama shubiri kwa sababu ndiyo shubiri yenyewe. Utomvu huo huharisha.

Anza na mmea. Unaotakiwa ni ule wa kwenye makopo vibarazani: majani ya kijani-kijivu yanayochomoza chini bila shina la kuonekana, vimiba vidogo pembeni, maua ya njano. Mapori makavu ya Longido na Same yana mishubiri mingine, mingi yenye maua mekundu. Usiichume kwa kubahatisha. Aina moja iotayo kaskazini mashariki mwa Tanzania na upande wa pili wa mpaka, Aloe ballyi, ina sumu ya kuua, na jani lake likikatwa hunuka panya. Mkonge mchanga nao huwapoteza watu. Una mwiba mmoja mkali nchani, ukikatwa hutoa nyuzi badala ya ute, na maji yake huwasha ngozi.

Chuma jani nene la nje, la chini kabisa, kwenye mmea wenye miaka miwili au zaidi. Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Kata jani kwenye kitako, lisimamishe ndani ya kikombe sehemu iliyokatwa ikiwa chini, uliache dakika 15 hadi 20 utomvu uchuruzike (angalia nguo, doa lake halitoki kirahisi). Suuza, kata sentimita mbili tatu za kitako pamoja na ncha, kisha ondoa vimiba vya pande zote mbili. Laza jani umenye ganda la juu, halafu la chini. Menya kwa unene kidogo, kwa kuwa tabaka la utomvu liko chini tu ya ganda. Ukibania kisu, linabaki kwenye ute. Kukwangua ganda kwa kijiko ili usipoteze hata tone huleta balaa hilohilo. Loweka vipande kwenye maji safi ya baridi dakika 10, mwaga, suuza tena. Gusa kipande kwa ncha ya ulimi kisha uteme: kikiwa kichungu, rudia kusuuza. Ute safi karibu hauna ladha.

Kwenye friji, ndani ya chupa safi yenye kifuniko, unakaa siku tano hadi saba. Nje ya friji ni wa siku hiyohiyo. Kuongeza mafuta ya nazi au vitamini E hakuzuii bakteria, hata kama wauzaji wa mitaani wanaapa. Ukigeuka rangi ya waridi au kunuka uchachu, tupa.

Kabla ya kupaka eneo kubwa, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24. Wenye mzio wa vitunguu wawe waangalifu zaidi.

Matumizi yenye ushahidi mzuri kuliko yote ni kuungua kidogo: ngozi nyekundu, au lengelenge dogo lisilopasuka. Kwanza weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanakimbilia dawa ya meno, yai au unga, na joto linaendelea kupika nyama ya ndani. Baada ya maji, kausha taratibu bila kusugua, paka ute tabaka jembamba mara mbili au tatu kwa siku. Kama kuungua kumezidi kiganja cha mgonjwa, au kuko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, au ngozi imekuwa nyeupe na haiumi, usipake chochote. Nenda hospitali ya Mount Meru (Arusha), KCMC (Moshi) au kituo kilicho karibu.

Kidonda kilicho wazi na kirefu ni habari nyingine. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1991, kwa wanawake ambao vidonda vya upasuaji vilifumuka, ulionyesha kuwa vilivyopakwa jeli ya alovera vilipona kwa wastani wa siku 83, na visivyopakwa siku 53.

Ute pia haukingi jua. Hutuliza ngozi iliyokwisha kuungua, basi. Mtu mwenye ualbino asiuweke badala ya mafuta ya kukinga jua. Moshi kwenyewe, KCMC hutengenezwa Kilisun kwa ajili hiyo.

Sasa kunywa. Alovera haitibu malaria wala saratani. Jani zima lililosagwa na ganda lake huleta msokoto wa tumbo na kuhara, na kuhara huondoa potasiamu mwilini. Anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kukojosha anaweza kuvurugikiwa mapigo ya moyo. Kwa anayetumia dawa za kisukari kama metformini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 12 na mwenye ugonjwa wa figo wasinywe kabisa. Marekani iliondoa dawa za kulainisha choo zenye aloini madukani mwaka 2002, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka dondoo la jani zima katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, baada ya panya walionyweshwa kuota uvimbe kwenye utumbo mpana. Juisi ya chupa iwe imeandikwa kwamba aloini yake haifiki sehemu 10 kwa milioni. Isiyo na lebo iache.

Aliyekwisha kunywa akaanza kuhara aache mara moja, anywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa sababu ya utomvu wenyewe. Ila ukipungua, au akaona damu kwenye choo, au misuli ikaregea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na chupa au jani alilotumia libebwe ili daktari alione.