Tunda lipi liingie kwenye bia ya ngano? Chagua kwa pua, si kwa ulimi

Desemba Dar maembe yamejaa kila kona. Una ndoo ya bia ya ngano inachacha chini ya meza, unajiambia: si nitumbukize dodo mbili tatu humo? Mimi nilitumbukiza kilo mbili, tamu kama asali. Baada ya wiki tatu nikafungua chupa, nikakuta bia ile ile ya kila siku, tena imekonda. Embe limekwenda wapi? Chachu imelila.

Lielewe hilo kabla hujashika kisu. Utamu wa tunda ni sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Inaila karibu yote, inakuachia kilevi na gesi. Vinavyobaki kwenye glasi ni harufu na ukali. Kwa hiyo ukienda sokoni kutafuta tunda tamu, unalipia kitu ambacho hutakionja.

Hatua ya 1: Ijue bia yako

Naongelea bia ambayo nusu au zaidi ya kimea chake ni ngano, iliyobaki shayiri, hopsi (maua yanayotia bia uchungu) kidogo tu, kilevi asilimia 5 hivi. Uchungu wake ni mdogo, ndiyo maana inapatana na matunda makali.

Ukitumia chachu ya ngano ya Kijerumani, tayari utapata harufu ya ndizi na karafuu. Hiyo inatoka kwenye chachu yenyewe, hakuna aliyeweka ndizi. Na joto letu likiachiwa, ndizi inapanda mpaka inakera, kwa hiyo weka ndoo kwenye beseni la maji, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni, ibaki nyuzi 18 hadi 22. Kuongeza ndizi halisi juu ya hapo sioni maana. Anayetaka pombe ya ndizi, Wachaga walishamaliza kazi hiyo zamani kwa mbege.

Hatua ya 2: Ziba pua

Kata kipande cha tunda. Ziba pua kwa vidole, tafuna. Unachosikia hapo ni utamu na ukali tu. Sasa achia pua: kile kinachokuja kwa kishindo ndicho utakachokikuta kwenye bia, pamoja na ukali. Kama umeachia pua na hakuna kilichobadilika, kula hilo tunda nyumbani na watoto.

Tikiti linaanguka mtihani huu papo hapo. Papai nalo pia. Pesheni inafaulu kabla hata hujaifungua vizuri.

Hatua ya 3: Sokoni

Mimi naenda Buguruni mapema, kabla jua halijapiga matenga. Muuzaji ataanza: "Anko, haya matamu, onja." Mwambie ukweli: "Mama, mimi sitaki tamu, nataka linalonukia." Atakucheka, halafu atakuchagulia vizuri kuliko ambavyo ungejichagulia mwenyewe. Embe nusa pale kwenye kikonyo. Likinuka utomvu, bado. Likinuka embe hadi ukalikumbuka ukiwa kwenye daladala, ndilo. Likinuka kama togwa ya jana, limepita.

Pesheni ndiyo chaguo langu la kwanza, na anayeanza ningemwambia asihangaike na lingine. Ina harufu na ukali kwa pamoja, na kidogo chake kinatosha. Chukua zilizojikunja ganda lakini bado nzito mkononi. Iliyojikunja na kuwa nyepesi imekauka ndani.

Embe linataka wingi na linataka msaidizi, kwa sababu likishaliwa sukari linabaki limepooza. Ninaliongezea rojo la pesheni kidogo, au embe ng'ong'o.

Nanasi la Kiwangwa linanukia vizuri sana, ila lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na povu la bia linasimama kwa protini hizo hizo. Niliwahi kuliweka bichi: bia ilitoka bila povu kabisa, kama maji ya chai. Lazima lipate moto kwanza.

Ubuyu unatoa ukali mzuri, lakini nunua unga mtupu, usinunue ule mwekundu wa peremende. Chungwa tumia ganda la juu tu. Ule weupe wa chini ni uchungu mtupu.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye glasi

Mimina robo lita ya bia ya ngano iliyokwisha kuiva. Tia kijiko kimoja cha chai cha rojo la pesheni, koroga, onja. Tia cha pili. Kijiko ni kama gramu 5, kwa hiyo vijiko viwili ni gramu 40 kwa lita. Kwa lita 15 za bia, hiyo ni gramu 600, yaani pesheni 35 hadi 40. Kumbuka glasi hiyo bado ina sukari ya tunda. Kwenye ndoo itatoka kavu na kali zaidi, basi simama kijiko kimoja kabla ya pale ulipopapenda.

Kwa embe, anza na kilo 2.5 za nyama kwa lita 15 hizo.

Hatua ya 5: Andaa tunda

Osha, menya, gandisha kwenye friza usiku kucha. Barafu inapasua nyama, juisi inatoka kirahisi. Lakini barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Likiyeyuka, lipashe kwenye sufuria yenye mfuniko: nyuzi 70, dakika 15. Nanasi fikisha 80. Usichemshe, harufu itaishia jikoni na bia itabaki na ukungu mzito.

Mbegu za pesheni zichuje kwa kijiko na chujio. Zikipita kwenye blenda zinatoa uchungu.

Hatua ya 6: Ingiza

Ngoja siku ya 5 hadi ya 7, povu la mwanzo likishashuka. Hapo kilevi kimeshaingia na kinasaidia kuzuia vijidudu, na gesi haifukuzi tena harufu kwa nguvu. Acha tunda lipoe, limimine taratibu bila kurusharusha bia. Ndoo ya lita 20 isizidi lita 15 za bia, kwa sababu itachacha upya na kupanda.

Hatua ya 7: Chupa

Hapa usiwe na haraka. Acha wiki nzima, kisha pima kwa haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia. Namba ikibaki ile ile siku tatu mfululizo, weka kwenye chupa na gramu 6 za sukari kwa lita. Mimi mara moja sikupima. Chupa mbili zililipuka saa nane usiku, jirani akaja kugonga mlango akidhani tumevamiwa.

Wiki mbili chupa zisimame kivulini, ndipo ziingie kwenye friji. Ya pesheni inywe ndani ya mwezi mmoja na nusu, harufu ikiwa bado ipo. Bakiza kidogo chini ya chupa, zungusha mashapo, malizia kumimina.