SOMO: Kusaka cheche ndogo za Jua kwenye picha za SDO, chombo cha NASA kinachotazama Jua kutoka angani (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, nimechoka kujibu swali lilelile faragha: cheche ndogo za Jua zinasakwaje? Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kisa chenyewe: uso wa Jua una nyuzi joto 5,500 hivi za Selsiasi, lakini korona, yaani angahewa ya nje ya Jua iliyo juu yake, inapita nyuzi milioni moja. Mwaka 1988 mwanafizikia Eugene Parker alisema uso unaochemka unazisokota nyuga za sumaku hadi zinakatika na kuungana upya, kwa vilipuko vidogo mno, kila kimoja kama sehemu moja ya bilioni ya mlipuko mkubwa. Hivyo hasa hatuvioni kimoja kimoja. Tunachosaka ni kaka zao wakubwa, ndio ninaowaita cheche.

Hatua 1. Tumia AIA, kamera ya SDO inayopiga picha za korona, kwenye urefu wa wimbi wa angstromu 171.

Hatua 2. Omba data JSOC, ghala la mtandaoni la data za SDO. Saa moja inatosha: picha kila sekunde 12, jumla 300.

Hatua 3. Chagua eneo tulivu karibu na kitovu cha Jua, mbali na madoa.

Hatua 4. Gawanya kila picha kwa muda wake wa kupokea mwanga. Umeandikwa kwenye kichwa cha faili.

Hatua 5. ONDOA MZUNGUKO WA JUA. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipakua Jua zima, nikakata kisanduku changu mwenyewe na kukiacha palepale saa nzima. Mwanga ukapanda taratibu, ukatulia, ukashuka, nikajua nimenasa cheche. Wiki nzima natembea kifua mbele, nimeshawaambia watu. Kumbe kulikuwa na nukta angavu upande wa mashariki wa kisanduku, haikubadilika hata kidogo, ilikuwa inapita tu! Kwenye kitovu, Jua linasogea takriban sekunde 10 za arki (kipimo cha pembe: 3,600 ni nyuzi moja) kwa saa. Pikseli ya AIA ni sekunde 0.6 za arki, kwa hiyo kila kitu kinahama pikseli 16 hivi. Ukiomba kipande JSOC, washa ufuatiliaji wa mzunguko. Halafu usiamini: fungua picha ya kwanza na ya mwisho, zipishanishe haraka. Zikiruka upande mmoja, rudi nyuma.

Hatua 6. Chora mwanga wa kila pikseli dhidi ya muda. Cheche ya kweli hudumu picha kadhaa na hugusa pikseli jirani. Ninayoikumbuka zaidi ilikuwa pikseli nne: picha mbili hafifu, ya tatu ikawaka, kisha ikajivuta kama kijiti kuelekea kusini, na kabla ya dakika mbili kwisha pamekuwa kama hapakuwa na kitu. Pikseli moja ikiwaka kwenye picha moja tu, hiyo ni chembe kutoka angani imegonga kamera.

Hatua 7. Linganisha na ramani ya usumaku ya HMI, kifaa kingine cha SDO. Mara nyingi chini ya cheche utakuta ncha mbili kinzani zinakaribiana.

MASWALI

Chipukizi: Nimetazama kwa darubini yangu yenye kichujio cha Jua, sioni cheche yoyote.
— Hatua ya 1. Angstromu 171 ni urujuanimno mkali, angahewa inaumeza wote. Ndiyo maana kamera iko angani.

Mpitanjia: Tuma msimbo wako basi, haya maelezo marefu.
— Hapana.

Mpitanjia: Roho mbaya.
— Niliutuma kwa watu watatu, wote walirudi kuuliza hatua ya 5.

Kidadisi: Samahani mwalimu, tutajuaje kama vidogo vinatosha kupasha joto korona nzima?
— Swali zuri hili. Hesabu vilipuko kwa kila kiwango cha nishati, uchore mteremko wake. Vidogo ni vingi siku zote. Hoja ni vingi kiasi gani. Kipeo cha mteremko (namba inayoonyesha unavyoshuka kwa ukali) kikizidi 2, jumla ya vidogo inawashinda wakubwa. Kikipungua, wakubwa ndio wenye mali. Vipimo vya watu mbalimbali vimeangukia pande zote mbili, na wapo wanaosema mawimbi ya sumaku yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Eneo tulivu linahitaji wati 300 hivi kwa kila mita ya mraba. Jaribu na data yako, ila jihadhari: vile usivyoviona ndivyo vinavyopinda mteremko.

Kidadisi: Na Solar Orbiter, chombo kile cha Ulaya kinacholisogelea Jua, mbona iliona vingi hivyo mwaka 2020?
— Ilikuwa karibu nusu ya njia kati ya Dunia na Jua, kilomita milioni 83 hivi kutoka kwenye Jua. "Mioto ya kambi", jina walilozipa cheche hizo, ilianzia urefu wa kilomita 400 hivi. Pikseli moja ya AIA ni kilomita 435. Nyongeza: usafishaji wa faili za AIA hufuta vimulimuli vya pikseli moja, na wakati mwingine hufuta cheche halali. Vilivyofutwa vimehifadhiwa, vinaweza kurudishwa.

Mzee wa Lenzi: Wenye darubini za haidrojeni-alfa (zinazopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni tu) wasikate tamaa. Tazameni ukingoni mwa Jua, mtaona vimchirizi kama nyasi, vinadumu dakika 5 hadi 10.
— Kweli mzee. Na mfunike kidarubini cha kulengea. Mimi uzi wa msalaba wa changu uliungua.