Kuchagua dume wa minofu: hatua kwa wafugaji wa kondoo Malindi

Wafugaji wenzangu, Idi ya kuchinja ikikaribia naona watu huku Malindi wakinunua dume kwa macho tu, ameona paja nono basi pesa imetoka. Unono wa majani ya mvua unaisha kiangazi kikija. Minofu ya jeni inarithiwa, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Hatua ya 1, mshike. Weka vidole nyuma ya ubavu wa mwisho, ubonyeze kando ya uti wa mgongo. Ukikutana na ncha za mifupa haraka, hapo hakuna nyama. Ukikuta kitu kimejaa na kigumu, si mafuta laini, endelea.

Hatua ya 2, jua ni mutesheni gani, yaani badiliko gani la jeni. Ya kondoo wa Texel, iliyoelezwa na watafiti 2006, ni herufi moja tu ya DNA, G imekuwa A, basi mayostatini, protini inayozuia misuli isizidi, inapungua na mnyama anajaa. Mtoto anaweza kuipata kwa baba au kwa mama.

Nyingine ni kalipiji, ilionekana Oklahoma, Marekani, 1983 kwa dume wa aina ya Dorset, na hii inachanganya watu kabisa. Mwanakondoo anajaa matako na mapaja akiipata kwa baba peke yake, mama awe wa kawaida. Akiipata kwa mama tu, haionekani. Akiipata kwa wote wawili, pia haionekani! Yaani dume mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, utamuona wa kawaida na utampita sokoni, kumbe ukimpandisha majike wa kawaida watoto wote wanatoka na minofu.

Hatua ya 3, kwa hiyo dai vipimo vya DNA kabla hujalipa, damu au kipande cha sikio kinatosha maabara.

Hatua ya 4, majike. Mimi nabaki na Red Maasai kama mama maana wanahimili minyoo kuliko Dorper, minofu iletwe na baba. Texel safi joto letu litamsumbua, mchanganye. Kalipiji siipendekezi kwa nyama choma, ile ya mgongoni inakuwa ngumu kweli, mteja hatarudi.

Hatua ya 5, kila mtoto hereni ya namba, na daftari liseme baba nani mama nani. Kalipiji haionekani siku ya kuzaliwa, inaanza kujitokeza kama wiki 3 hivi, kwa hiyo usihasi dume yeyote kabla hujamshika tena na kuangalia daftari.